Dogo wa Chole ataingiaje kwenye programu za kimataifa?

SWALI

Shikamoo dada. Mi ni mzaliwa wa Chole, kile kisiwa kidogo pembeni ya Mafia, ila huu ni mwaka wa nne niko Arusha nafanya kazi hotelini karibu na Mnara wa Saa. Kila baada ya muda wanafikia hapa vijana wa mikutano, wamening'iniza vitambulisho shingoni, wengine wa Nairobi, wengine Kigali, Kampala, Dar, na mara nyingi wanachoongelea ni bahari na tabianchi, sasa mi nikipeleka chai nasikiliza najiuliza mbona sijawahi kuona hata mmoja wa kwetu wakati sisi bahari tunaikanyaga kila siku. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, kamaliza form four, yuko na mafundi majahazi anakalafati, yaani anaziba mianya ya mbao maji yasiingie, na kwenye kikundi chao cha kufunga mwamba wa pweza, yaani kuacha kuvua hapo kwa muda ili wakue, yeye ndo anayeandika daftari. Nilimtumia fomu ya programu moja ya nje kwa wasap akaijaza, pale walipouliza ana uzoefu gani akaandika "sina". Hakujibiwa mpaka leo. Yeye na wenzake niwasaidie kuanzia wapi?
Mchole wa Sakina, Arusha

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na hilo neno "sina" limenikaa rohoni, kwa hiyo tuanze nalo hilohilo, mengine yatafuata.

Huyo kijana ana uzoefu kuliko wengi uliowapelekea chai. Anajua bamvua na maji mafu, siku bahari inajaa sana na siku inajaa kidogo, bila kuangalia simu, anajua mwamba ulifungwa lini na ukafunguliwa lini, na siku ya kufungua alisimama na mizani akaandika kilo za kila mtu. Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo inaitwa uzoefu, kwake ni maisha tu. Sasa we fanya hivi, usiku ukitoka shift mpigie, usimuulize "una uzoefu gani", muulize siku ile mlipofungua mwamba ilikuwaje, pweza mkubwa alikuwa na kilo ngapi, nani alibisha kuhusu mpaka na mlimalizaje. Andika anavyosema. Halafu mwambie apige picha kurasa za daftari akutumie. Ukishakuwa na hivyo mnaandika pamoja sentensi mbili tatu zilizonyooka, kwamba ametunza kumbukumbu za mavuno ya kikundi kwa misimu kadhaa, kikundi kina watu kadhaa, kilo zilikuwa hizi na hizi, na namba zote zitoke kwenye daftari msiongeze hata kilo moja. Fomu za namna hii wanaozisoma wamechoka na watu wanaosema wana ari ya kubadilisha dunia, wakikutana na kijana mwenye daftari la pweza wataacha kalamu wasome vizuri.

La pili ni makaratasi, na hapa naongea kwa uchungu. Miaka ya nyuma nikiwa Moshi nilimsaidia kijana wa Ukerewe, kijana mzuri sana, akapata nafasi ya wiki tatu nje, tukashangilia. Kufika kwenye pasipoti cheti cha kuzaliwa kinasema Salehe, cha form four kinasema Swalehe. Herufi moja! Tukakimbizana na hati ya kiapo, mara wakili hayupo, mara meli haijaondoka, na wale wenye programu hawakutaka kusogeza tarehe hata kwa siku nne, nafasi ikapewa mwingine. Mpaka leo nikikutana na yule kijana naona aibu maana mi ndo nilitakiwa kuangalia mapema. Kwa hiyo wiki hii, kabla hamjaona tangazo lolote, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA viwekwe juu ya meza moja visomwe herufi kwa herufi. Pasipoti maombi yake yanaanzia mtandaoni na ada ni shilingi 150,000, najua siyo hela ndogo kwa anayekalafati, ila ukoo ukichanga polepole kuanzia sasa ni rahisi kuliko kukopa kwa wiki moja.

Sasa programu zenyewe. Kuna jambo watu wa visiwa vyetu huwa hawaambiwi wanapoteza muda. Umoja wa Mataifa una orodha ya nchi ndogo za visiwa zinazoendelea, ndo wenye yale makongamano makubwa ya Barbados 1994, Morisi 2005, Samoa 2014, na Antigua na Barbuda 2024, na nafasi nyingi za vijana wa visiwa zinapitia orodha hiyo. Jirani zetu Komoro, Shelisheli na Morisi wamo. Tanzania haimo, kwa sababu wanahesabu nchi, na kwa hesabu hiyo Chole ni bara kama Singida. Mi naona siyo haki, mtoto wa Chole na mtoto wa Komoro wanasubiri boti ileile ya maji kujaa, lakini ndo ilivyo, ukiona tangazo limeandikwa ni la nchi ndogo za visiwa soma kwanza orodha ya nchi usije ukamvunja moyo dogo mara ya pili.

Umoja wa Afrika unao vijana wa kujitolea tangu 2010, wa miaka 18 hadi 35, anapelekwa nchi nyingine ya Afrika kufanya kazi. Ila wanataka uwe na cheti cha baada ya sekondari, cha ufundi kinakubalika. Kwa hiyo kama kuna hela ya kumpeleka VETA ipangiwe hiyo, kukalafati tayari anajua kwa mikono, kinachokosekana ni karatasi. Kwa wadogo zake walioko shule yapo mashindano ya insha, la Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wanafunzi wa sekondari, makao makuu yenyewe yapo hapohapo Arusha siku yako ya off nenda kaulize, na lile la Jumuiya ya Madola ambalo lipo tangu 1883, ni la watoto wasiozidi miaka 18, kushiriki ni bure, na washindi wamekuwa wakipelekwa London. Hilo la Madola linaandikwa kwa Kiingereza kwa hiyo mtafute mwalimu mmoja Mafia atakayekaa nao.

Lakini ninayoipenda mimi ni ile ambayo mtu anaingia bila kupanda ndege. UNESCO wana kitu kinaitwa Sandwatch, kilianzia visiwa vya Karibea mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto wa shule na walimu wao wanapima ufukwe wa kwao wenyewe. Vifaa ni futi kamba, daftari na saa. Mnachagua kitu kisichohama, tuseme kona ya ukuta, mnapima kutoka hapo mpaka pale maji yalipoishia kujaa, mnaandika, mnarudi tena na tena mahali palepale. Mawimbi mnahesabu 11 yakipita, muda wake mnagawa kwa 10, mmepata nafasi kati ya wimbi na wimbi. Takataka mnaokota mnahesabu kwa aina. Kitabu cha maelekezo kinapatikana bure mtandaoni na kazi zenu mnawashirikisha wa visiwa vingine. Chole pakiwa na mikoko sana vukeni Juani kwenye mchanga. Wakifanya mwaka mzima, vijana sita saba, tayari wapo kwenye programu ya kimataifa, na siku mdogo wako akijaza fomu nyingine kile kiboksi cha uzoefu hakitamtosha.

Jambo la nauli usilionee haya. Waandaaji wengi wanalipa tiketi kutoka Dar wakidhani safari inaanzia pale. We unajua inaanzia wapi, boti mpaka Utende, bodaboda mpaka Kilindoni, boti tena mpaka Nyamisati, gari mpaka Mbagala, na kipindi cha upepo wa kusi boti inaweza isiondoke siku hiyo na hapo lazima ulale na ule. Akiitwa kwenye intavyuu awaandikie mapema safari yote na gharama zake, aombe kufika siku mbili kabla, au intavyuu iwe kwa simu. Wengi wakielezwa wanaelewa. Na kama programu inaruhusu waende wawili, waende wawili, ugeni wa mtoto wa kisiwani peke yake kwenye jiji la watu ni mzito mno.

SWALI

Dada, nipo Rau, Moshi. Nalea mtoto wa marehemu dada yangu, baba yake ni wa Ukerewe, yuko form three na kichwa anacho. Kuna kaka kaniambia nimpe laki tatu amuunganishe na UWC hapa Moshi. Ni kweli?
Mama mlezi

JIBU

Usimpe hata mia, mama. Hiyo shule ilianza 1969 ikiitwa International School Moshi, mwaka 2019 ikaingia kwenye UWC, mtandao wa shule za kimataifa wa nchi mbalimbali, ina kampasi Moshi na Arusha. Wanaotafuta nafasi za UWC kwa ufadhili wanachujwa na kamati ya nchi, na msaada unategemea uwezo wa familia, hakuna kaka wa kati. Getini ni karibu na kwako, nenda mwenyewe, beba ripoti zake za shule, ulizia maombi yanafunguliwa mwezi gani.