Nyiragongo haipiti mlangoni

Ndugu, unauliza jinsi ya kutengeneza mandhari ndogo ya mfano: unataka chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), barabara ya Goma na volkano nzima ya Nyiragongo, kwa kipimo cha 1/35, yaani kila kitu kidogo mara 35. Mlima wa mita 3,470, ukipimwa toka usawa wa bahari, utafika karibu mita 99! Chukudu ya mita 2 ni sentimita 5.7 tu. Chukua ubao wa sentimita 30 kwa 40, sawa na mita 10.5 kwa 14 za barabara. Nyuma weka nyumba za 1/72, ndogo zaidi ili zionekane za mbali, ficha mpaka wa vipimo hivyo viwili kwa ukuta wa mawe, mlima uchore kwenye kartoni kwa bluu hafifu.

Lava ya mawe halisi ni nzito. Chonga polistireni (povu gumu jepesi la plastiki), paka kole (gundi) nyeupe, nyunyizia mchanga mweusi uliochekechwa. Rangi ya kopo ya kupuliza ikigusa polistireni tupu, inaiyeyusha. Ukikata kwa waya moto, fanyia nje: moshi wake ni sumu.