Dinari aliyoonyeshwa Yesu ilikuwa na picha gani?

SWALI: Shikamoo mhariri. Kwenye Marko 12 Yesu anaulizwa habari ya kodi, anaomba aletewe dinari halafu anauliza sanamu na anwani ni ya nani, wanajibu ya Kaisari. Mi nataka kujua hiyo sarafu ilikuwaje hasa, na upande wa pili kulikuwa na nini? Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Biblia haisemi ni Kaisari yupi ila aliyekuwa anatawala wakati huo ni Tiberio (mwaka 14 hadi 37), kwa hiyo wataalamu wengi wanaitaja dinari yake ya fedha iliyotengenezwa Lugdunum, ndo Lyon ya Ufaransa ya leo. Ni kadogo, hakafiki gramu 4, lakini kwenye ule mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu (Mathayo 20) ndo ujira wa kibarua wa kutwa nzima.

Mbele kuna kichwa cha Tiberio kavaa taji la majani na ukingoni herufi za Kilatini zilizofupishwa, TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, yaani Tiberio Kaisari Augusto, mwana wa Augusto aliye mungu. Hebu rudia kusoma hapo. Augusto alipofariki mwaka 14 Seneti ya Roma ilimtangaza kuwa mungu, na Tiberio alikuwa mtoto wake wa kulea, basi akawa mwana wa mungu mpaka kwenye hela za watu mifukoni. Ukiigeuza unakuta mwanamke kakaa kitini, mkono mmoja fimbo ya enzi mwingine tawi, wengi wanasema ni Livia mama yake Tiberio kachorwa kama mungu wa kike wa Amani, na pembeni pameandikwa PONTIF MAXIM, yaani cheo cha Tiberio mwenyewe, kuhani mkuu wa Roma! Na hayo yanaonyeshwa hekaluni Yerusalemu, penye kuhani mkuu wa Wayahudi na amri ya kutochonga sanamu. Mi naona ndo maana Yesu hakuishia kwenye sanamu, akauliza na anwani, kwa sababu maandishi ndo yalikuwa makali kuliko hata picha.

Ila usidhani hekalu lilikataa kila sarafu yenye miungu. Ile kodi ya hekalu ya nusu shekeli ililipwa kwa fedha ya Tiro, mji wa pwani ya Lebanoni ya leo, kwa sababu madini yake yalikuwa safi, na sarafu hiyo mbele ina kichwa cha Melkarti, mungu wa watu wa Tiro, nyuma ina tai. Wale wabadili fedha ambao Yesu alizipindua meza zao, hizo ndo walikuwa wanawabadilishia watu.