Springi za nyuma za pikapu: maswali yenu na majibu

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yana kilio kimoja: nyuma ya pikapu imekaa chini, mwenye gari anataka iinuke, na fundi wa jirani ameshashika spana. Nimechagua yale yanayoweza kuwafaa wengi. Mengine yanafanana sana, kwa hiyo ukikosa lako, tafuta la mwenzako anayebeba mzigo kama wako.

Shikamoo fundi. Nina Hilux ya milango minne, nabeba viazi kutoka shambani hadi Makambako. Nikipakia magunia kumi, nyuma inalala kabisa. Fundi wa hapa anataka aniongezee majani mawili, yale mabapa ya chuma, ya springi za lori la Canter kila upande. Nikubali? (Mkulima, Njombe)

Marahaba. Usikubali kwanza. Tafuta mizani, iwe kwa wanunuzi wa nafaka au wa vyuma chakavu, upime gari likiwa limepakiwa kama siku ya soko, nawe ukiwa kwenye usukani. Kisha lisogeze ili magurudumu ya nyuma peke yake yabaki juu ya mizani, upime tena. Chukua namba hizo uzilinganishe na zile za kiwanda kwenye kitabu cha gari au kwenye kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango.

Hilux na wenzake, D-Max, Ranger na Navara, wametengenezwa kubeba takriban tani moja. Tani hiyo inahesabu kila kitu: abiria, vyuma ulivyochomelea kwenye bodi, tairi ya pili ya akiba, halafu ndipo viazi. Magunia kumi ya kilo 100 yameshaimaliza. Na sote tunajua gunia la lumbesa haliishii kilo 100. Mizani za barabarani, kwa sheria ya Afrika Mashariki, ni za magari ya kuanzia tani 3.5, kwa hiyo unaweza kupita miaka bila mtu yeyote kukwambia kwamba umezidisha. Springi ndiyo pekee inayokuambia, na wewe unataka kuinyamazisha.

Ukiongeza majani, gari litasimama vizuri, utaona raha, utaongeza gunia la kumi na moja. Lakini ekseli ni ileile, beringi za magurudumu ni zilezile, breki, tairi na chesisi ni zilezile zilizotoka kiwandani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoongezwa nguvu. Nimeona chesisi zilizopinda nyuma ya kichwa cha gari huku springi zake zikiwa nzima kabisa.

Sasa, ikiwa mizani itaonyesha uko ndani ya uwezo wa gari na bado nyuma inalala, basi huenda springi zimechoka. Egesha gari tupu mahali pa tambarare, upime kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Angalia pia jani nene la chini kabisa, lile lililonyooka. Kazi yake ni kungojea mzigo, na gari likiwa tupu lazima uone mwanya kati yake na majani ya juu. Kama mwanya huo umekwisha na gari halijapakiwa kitu, springi hizo zimekufa. Nunua seti nzima, usiongeze jani jipya juu ya majani mafu.

Kuhusu jani la Canter: ugumu wa jani haupandi sawasawa na unene wake. Unapanda kwa unene mara unene mara unene. Jani la milimita 10 ni gumu karibu mara tatu ya jani la milimita 7 lenye upana na urefu uleule. Kwa hiyo fundi akikuwekea mawili manene ya lori, hayo ndiyo yatakayobeba kila kitu, na yale membamba ya Hilux yatabaki mapambo. Siku utakayosafiri bila mzigo, mgongo wako utajua.

Fundi, nina Kirikuu, nabeba saruji mifuko kumi na tano kwa safari. Niongeze springi ngapi? (Dereva, Mbagala)

Hata moja usiongeze. Suzuki Carry hiyo ilitoka Japani ikiwa imeruhusiwa kubeba kilo 350, yaani mifuko saba ya kilo 50. Wewe unabeba 750, zaidi ya mara mbili, juu ya tairi za inchi 12 na injini ya cc 660. Najua ushindani ulivyo, na najua mteja hataki kulipia safari mbili. Lakini ninakuomba kwa dhati: gari hilo likishindwa kusimama kwenye foleni, aliye mbele yako huenda ni bodaboda na abiria wake. Beba saba, rudi ubebe saba nyingine. Kama kazi ni kubwa kuliko hivyo, jibu ni gari kubwa zaidi.

Nilifunga springi mpya ngumu kwenye Hilux ya zamani, ikapanda kama inchi mbili. Tangu hapo, nikiwa na mzigo wa mboga kwenda Lodwar, breki hazishiki kama zamani na pedi za mbele zinaisha haraka. Fundi amebadilisha pedi mara mbili. (Mfanyabiashara, Kitale)

Swali hili ndilo lililonifanya niandike yote haya leo, kwa sababu mafundi wengi hawaliangalii, na wewe unashuka mteremko wa Kamatira kwenye njia ya Lodwar.

Ingia chini ya gari, karibu na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Hilux nyingi za miaka ya nyuma, na pikapu nyingine nyingi za rika lake, zina valvu ndogo iliyofungwa kwenye chesisi, yenye mkono wa chuma unaoshuka hadi kwenye ekseli. Valvu hiyo ndiyo inayogawa nguvu ya breki za nyuma. Gari likiwa tupu, ekseli iko mbali na chesisi, mkono umeshuka, na valvu hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili tairi zisikwame na gari lisizunguke. Ukipakia, chesisi inashuka, mkono unainuka, valvu inafungua zaidi, na breki za nyuma zinapata nguvu kamili.

Wewe umeinua nyuma, na springi ngumu haziruhusu tena ishuke. Valvu haina macho. Inaona mwanya mkubwa kati ya chesisi na ekseli, inaamini gari ni tupu. Kwa hiyo una tani moja ya mboga mgongoni, mteremko mbele yako, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari lisilo na kitu. Mzigo wote wa kusimamisha gari umehamia mbele, ndiyo maana pedi zinaungua.

Dawa si pedi. Mkono ule unarekebishika, na zipo bano za kuhamisha mahali mkono huo unapofungwa ili kufidia urefu uliouongeza. Kazi hii ifanywe na mtu mwenye vipimo vya gari lako na mashine ya kupimia presha ya breki, kisha ijaribiwe gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, mahali pasipo na magari mengine. Usikubali fundi akufungie mkono ule kwa waya ukabaki juu daima. Hapo siku ya mvua ukiwa mtupu, tairi za nyuma zitakwama kabla ya za mbele na gari litageuka. Na mpaka itengenezwe, usishuke Kamatira na mzigo.

Magari mapya zaidi yanafanya kazi hiyo kwa kompyuta ya breki, lakini hakikisha lako ni lipi kabla ya kuondoka gereji.

Nikibadilisha shokapu za nyuma tu, gari litapanda? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Shokapu mpya zitazuia gari kudundadunda baada ya shimo, na hilo ni jambo jema, ila hazitainua nyuma iliyolala. Jambo moja: ukiinua gari kwa springi mpya, hakikisha shokapu zina urefu wa kutosha. Fupi zitafika mwisho wa mkono wao kabla springi haijanyooka, na zitang'oka kwenye viungio.

Jani kuu limekatika karibu na jicho. Fundi wa kuchomelea anasema atalirudisha kwa elfu chache. Mwingine anasema atayapasha moto majani yote ayakunje upya yapande. (Mmiliki wa D-Max, Dodoma)

Wote wawili waambie asante, uondoke.

Chuma cha springi kinapata uhai wake kwa kupashwa moto kwa kipimo, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa joto dogo zaidi. Moto wa kuchomelea unavuruga mpangilio huo pembeni ya kidonda, na jani litakatika tena hapohapo au sentimita chache pembeni. Jicho likikatika ukiwa mwendoni, ekseli inarudi nyuma upande mmoja na gari linajigeuza lenyewe. Kupasha kwa mkaa na kukunja kwa nyundo kunatoa umbo zuri kwa wiki kadhaa, halafu majani yanalala tena kwa sababu yamelainika. Zipo karakana zinazokunja springi zikiwa baridi kwa presi, na nyingine zenye tanuri la kupasha na kupoza kwa kipimo. Hizo ni habari nyingine. Ukikosa karakana ya namna hiyo, nunua jani kuu jipya, na ubadilishe la pande zote mbili.

Natumia pikapu kubeba tenki la maji lita 1,000. Nimeshauriwa nifunge maputo ya hewa kati ya chesisi na ekseli badala ya kubadili springi. (Msomaji, Voi)

Maji ni rahisi kuyapigia hesabu: lita moja ni kilo moja. Lita 1,000 ni tani, kabla ya uzito wa tenki, pampu, wewe na utingo wako. Umeshavuka.

Maputo yana faida yake. Unajaza hewa siku ya mzigo, unapunguza siku ya kwenda harusini, na gari linabaki laini. Ila fahamu yanavyobeba. Springi hukabidhi uzito kwa chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Puto linasukuma sehemu moja tu, katikati. Mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli na puto likasukuma juu katikati, chesisi inageuka kuwa fimbo inayovunjwa gotini. Pikapu za milango minne, ambazo bodi yake imesogea nyuma, ndizo zinazoathirika zaidi.

Ningekuwa wewe ningeweka tenki la lita 700 hivi, tena lenye vizuizi vya ndani, kwa maana maji yaliyojaa nusu yanapiga mawimbi na kusukuma gari kwenye kona. Tenki likae mbele kabisa, limegusana na kichwa cha gari, kitovu chake kiwe mbele ya ekseli. Ukilisogeza hivyo, huenda hata maputo usiyahitaji. Ukiyafunga, kila puto liwe na bomba lake la kujazia hewa. Yakiunganishwa, kwenye kona hewa inakimbilia upande ulio mwepesi na gari linazidi kulala.

Nabeba mzigo Jumamosi tu, nikanunua springi za Australia zilizoandikwa za kilo 500. Gari likiwa tupu linarukaruka kwenye barabara ya vumbi mpaka nyuma inateleza. Ni mbovu? (Msomaji, Arusha)

Si mbovu. Kilo 500 hapo maana yake ni mzigo unaoishi kwenye gari kila siku: hema la juu, matangi, masanduku ya vyombo. Wewe unabeba mzigo Jumamosi tu. Chagua springi kwa siku zako za kawaida, si kwa siku yako nzito kuliko zote. Tairi isiyogusa ardhi haishiki breki wala haipindi kona. Rudisha, uchukue za daraja la chini.

Springi mpya zina wiki tatu, zinalia, na gari limeanza kwenda upandeupande. (Dereva, Tanga)

Kulia kunaweza kusubiri, kwenda upande hakusubiri. Kagua yu-bolti leo hii. Ndizo zinazobana springi kwenye ekseli, na zikilegea, uzito wote unaangukia senta bolti, ambayo kazi yake ni kuweka majani mahali pake tu. Senta bolti ikikatika, ekseli inateleza, na gari linatembea kama kaa. Pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto. Zikitofautiana, usiendeshe.

Yu-bolti mpya lazima zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi, kwa spana yenye kipimo, kwa namba ya kiwanda. Majani mapya yanakaa na kubanana, na nati inabaki imelegea bila mtu kuigusa.

Kuhusu kulia, kagua bushi, zile raba za kwenye macho ya springi na kwenye sheko, kiungio kinachoning'iniza springi kwenye chesisi. Bolti zake hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na uzito wake wote ukiwa juu ya springi. Fundi akizikaza gari likiwa linaning'inia kwenye jeki, raba inabaki imesokotwa tangu siku ya kwanza, inalia, halafu inapasuka. Zilegeze gari likiwa chini, liyumbishe, uzikaze upya. Na usimwagie oili chafu ya injini kama watu wanavyofanya: inakula raba na kukusanya vumbi linalosaga majani.

Ukilazimika kufungua springi tena, nunua yu-bolti mpya. Zilizokwisha kukazwa mara moja zimeshavutika.