Eti ukilia shamba likiungua huna tawakkul, yaani humtegemei Mungu?

Mama mmoja wa Newala kaniandikia. Jirani yao alichoma majani akisafisha shamba lake, moto ukamshinda ukavuka, ukala mikorosho yao karibu yote na maua yalishatoka, tena hela ya palizi na ada ya mtoto walikuwa wamekopa. Usiku halali, analia. Kwenda darsani kaambiwa anayelilia mali hana tawakkul, muumini wa kweli anaufurahia mtihani. Anauliza: "Shehe, mimi bado muumini? Hiyo furaha nimeitafuta siioni."

Pole sana mama yangu. Wewe ni muumini, na machozi yako hayana dhambi.

Ila swali lako limeniuma, maana haya maneno siku hizi yanazagaa hadi kwenye klipu za wasapu, mtu kafiwa, mtu kaunguliwa, badala ya kupewa pole anapimwa imani. Nabii Yaaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na ni yeye aliyesema namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu. Mtume wetu s.a.w. alipofiwa na mwanawe Ibrahim alisema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Sasa huyo mwalimu atuambie, na hao hawakuwa na tawakkul? Kilichokatazwa ni kupiga mayowe ya kijahilia, kuchana nguo, kumlaumu Mungu. Wewe hukufanya hata kimoja.

Halafu kuufurahia moto wenyewe nani kakuamrisha? Sabri ndiyo wajibu, ile ridhaa ya moyo kabisa wanazuoni wengi wamesema ni sunna, daraja ya juu, asiyeifikia hapati dhambi. Furaha tuliyoamrishwa iko Surat Yunus aya ya 58, tufurahie fadhila ya Mwenyezi Mungu na rehema yake, na hiyo bado unayo, si unaona mwenyewe umeunguliwa na bado unaulizia dini yako? Mama yake Musa Qur'ani inasema moyo wake ulibaki mtupu, na hakukaa tu, alimtuma dada mtu akafuatilie mtoto. Furaha ilimjia baadaye, mtoto aliporudishwa.

Kwa hiyo na wewe fuatilia. Mikorosho msiikimbilie kuing'oa, mwiteni bwana shamba aitazame kwanza, mingine ikikatwa vizuri inachipua, na kama ni kupanda upya ulizieni miche ya kubebesha (iliyounganishwa na kikonyo cha mkorosho bora), kituo cha utafiti cha Naliendele kule Mtwara wanaijua hiyo kazi. Jirani mkae naye mbele ya wazee, kudai fidia hakuvunji sabri. (Kama mkopo wenyewe una riba hilo tutaongea siku nyingine, leo una mzigo wa kutosha.)

Na ile michache iliyobaki, korosho zake usizipeleke kangomba, yaani kwa walanguzi wanaonunua nje ya mfumo rasmi. Hao wakisikia mtu kaunguliwa wanafika mapema kuliko wa kutoa pole, wanakupa hela kiduchu korosho zingali maua, na Mtume amekataza kuuza matunda kabla hayajaonesha kukomaa. Subiri mnada wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Deni likikushinda, Surat Tawba aya ya 60 imewataja wenye madeni kati ya watu 8 wa kupewa zaka, basi nenda na mumeo kwa imamu wenu, msione haya, mtakuwa mmefuata haki yenu.