Kabla ya kusugua mnara, pateni kibali

Umeuliza kama vijana wa mtaa wenu wanaweza kujitolea kutunza mnara wa mashujaa na bustani yake. Mnaweza, ila kwanza muwe na barua ya halmashauri mkononi. Kama ni makaburi ya vita, mfano yale ya Dar es Salaam, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina watunzaji wake. Waulizeni kabla ya kugusa hata ua moja.

Sasa jiwe. Hapo ndipo watu huharibu kwa nia njema. Maji matupu na brashi laini, basi. Jiki, asidi, msasa, brashi ya waya, wekeni mbali kabisa. Herufi zikififia msizipake rangi wenyewe. Na sanamu ya shaba, kama ile ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, iliyosimama tangu 1927, msiing'arishe. Ule ukijani uliokolea ndio ngozi yake.

Bustani haina makuu. Mwagilieni jioni, karibu na msingi palilieni kwa mkono (jembe hubandua kingo, nimeshaona), na mti wa mizizi mikubwa kama mkuyu msiupande jirani na mnara.