Jibu: Kerneli inaanguka kisoma-mita cha USB kikichomolewa

Ndugu wa Kondele, umesema mashine yako ya Linux inaganda kila ukichomoa kisoma-mita unachokiandikia draiva (programu inayokiendesha kifaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux), na picha uliyotuma inaonyesha Oops [#3], ripoti ya kosa ya kerneli yenye namba yake. Hiyo ya tatu haitakusaidia. Itafute [#1]; zinazofuata mara nyingi ni kerneli iliyokwisha kuvurugika.

Ukizima stima kwa haraka, ujumbe ambao haujafika kwenye diski umepotea, na `journalctl -k -b -1` (kumbukumbu za kerneli za uwashaji uliopita) haitauonyesha. Afadhali uupeleke kwa kompyuta ya pili kupitia mtandao, kwa netconsole (hapa yako ni .10, ya pili ni .20):

`dmesg -n 8`
`modprobe netconsole netconsole=6665@192.168.1.10/enp3s0,6666@192.168.1.20/`

Kule kwenye kompyuta ya pili sikiliza kwa `nc -u -l 6666`. Tumia waya, si Wi-Fi.

Ukishaipata Oops ya kwanza, anza na anwani ya kumbukumbu iliyoshindwa kusomwa. Ikiwa ni 0x28, pointa (kielekezi cha kumbukumbu) ni tupu na draiva ilitaka kusoma struct, yaani fungu la data zake, kuanzia baiti ya 40. Amri `pahole -C mita_dev mita.ko` (mita.ko ni moduli ya draiva yako) itakuonyesha ni kitu gani kimekaa hapo. Lakini ukiwasha mashine na `slub_debug=FZP`, inayojaza 6b kwenye kumbukumbu iliyoachiliwa, kisha rejista ya prosesa ijae 6b6b6b6b, basi kumbukumbu ilishaachiliwa na bado kuna msimbo (code) unaoitumia. Kwa kuwa inaanguka wakati wa kuchomoa, mimi nashuku hili la pili. Mstari wenyewe utaupata kwa `scripts/faddr2line mita.ko mita_poll+0x3c/0x120`, mradi moduli imejengwa na `-g`.

Sasa fungua `disconnect` yako, funksheni inayoitwa kifaa kikichomolewa. Kama inaita `kfree` (kuachilia kumbukumbu) moja kwa moja, kazi iliyo kwenye foleni itaamka baadaye na kukuta nyumba imebomolewa. Mpangilio ni muhimu sana hapa: `usb_poison_urb` kwanza, kisha `cancel_delayed_work_sync`, ndipo uachilie kumbukumbu. `usb_kill_urb` peke yake haitoshi ikiwa kazi hiyo ndiyo inayotuma URB (ombi la USB) tena, kwa sababu inasimamisha iliyopo bila kuzuia ijayo. Ukiipoizoni, `usb_submit_urb` itarudisha -EPERM, yaani itakataa.

Bado kuna programu iliyofungua /dev/mita0. Hiyo nayo inashikilia struct ileile, kwa hivyo badala ya `kfree` weka `kref_put`, na `kref_get` ndani ya `open`; hizi huhesabu watumiaji, na kumbukumbu huachiliwa wa mwisho akiondoka. Jaribu kuchomoa huku `cat /dev/mita0` ikiendelea. Draiva nyingi zinazoonekana nzima huangukia hapo.