Ikona ya Urusi: muhuri wa "84" unathibitisha nini?

SWALI: Nimenunua ikona (picha takatifu ya Kikristo iliyochorwa kwenye ubao) ya Mtakatifu Nikolao hapa Berlin, imevikwa jalada la madini ya fedha. Muuzaji anasema ni ya karne ya 17, na ushahidi wake ni muhuri uliogongwa kwenye fedha: "84" na kichwa cha mwanamke anayetazama kulia. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, muhuri huo unamkana muuzaji wako. "84" ni kipimo cha Urusi ya zamani: sehemu 84 za fedha safi katika 96, yaani 875 kwa 1000. Kichwa cha mwanamke kilianza kugongwa 1899 kikitazama kushoto. Kulia kiligeuzwa 1908. Kwa hiyo jalada haliwezi kuwa la kabla ya hapo, tena kama muhuri wenyewe haukughushiwa, maana nao hughushiwa sana.

Ila umri wa jalada si umri wa ikona. Wapo waliovika ikona kongwe fedha mpya, hivyo lazima ulifungue. Vimisumari vya pembeni ving'olewe taratibu, na bora akung'olee fundi wa kukarabati michoro. Ukikuta uso na mikono tu ndivyo vilivyochorwa, kwingine patupu, usidhani umeuziwa ya bandia. Mwishoni mwa karne ya 19 ikona za bei nafuu zilichorwa hivyo makusudi, kwa kuwa kwingine kungefunikwa. Ni halisi kabisa, lakini si ya karne ya 17.

Mchoro ukiwa kamili, geuza ubao. Alama za upinde ni za msumeno wa mviringo, chombo cha enzi za viwanda. Tazama na matundu ya dumuzi: mdudu hula kwa kupindapinda, keekee ya mghushi hutoboa moja kwa moja. Hata hivyo ubao mkongwe usikulevye. Mafundi wa Mstera, mkoa wa Vladimir, walikuwa wakichora ikona za "kale" tangu karne ya 19 kuwauzia Waumini wa Kale, Wakristo waliojitenga na Kanisa la Urusi, waliotaka za kabla ya mageuzi ya ibada ya karne ya 17 ya Patriaki Nikon, mkuu wa kanisa hilo. Bandia nyingine zimeshapita miaka 100!

Maabara ikiona rangi nyeupe ya titani, hiyo ni ya karne ya 20. Ikiwa doa moja tu, huenda ni kiraka cha mkarabati, ikienea mchoro mzima, basi mchoro wenyewe ni wa karne hiyo. Kabla ya gharama hiyo, mwambie muuzaji aandike "karne ya 17" kwenye risiti na kutia sahihi.